Je, Wajua? Oktani, Ethanoli na Kinachotokea Ndani ya Silinda

Je, wajua kwamba petroli ya oktani 95 haina nguvu zaidi ya petroli ya oktani 91? Choma lita moja ya hii na lita moja ya ile, joto utakalopata ni karibu lilelile. Namba ya oktani inapima uvumilivu. Inakuambia petroli inaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani ndani ya silinda kabla haijajiwakia yenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Anayelipa zaidi kwa kila lita akitumaini gari litavuta vizuri mlimani amenunua uvumilivu, na huenda injini yake haina haja nao.

Je, wajua kinachogonga ni nini hasa? Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawasha moto mara 25 kwa sekunde. Mambo yakienda sawa, moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa kwa utaratibu hadi kuta za silinda. Lakini kadiri unavyosambaa, gesi ambayo haijafikiwa, ile ya pembeni kabisa, inazidi kubanwa na kupata joto. Petroli yenye oktani ndogo hushindwa kusubiri. Fungu lile la pembeni linalipuka lote kwa mpigo, mawimbi ya shinikizo yanapiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni, na wewe uliyeshika usukani unasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo.

Sauti hiyo si kero tu. Juu ya alumini ya pistoni kuna utando mwembamba wa gesi tulivu unaoikinga na joto la moto. Mawimbi ya kugonga yanauvuruga utando huo, alumini inabaki uchi, na kingo za pistoni zinaanza kuliwa kidogo kidogo. Baadaye kuta zinazoshika ringi zinapasuka. Na usichanganye mlio huu na ule wa beringi za konrodi, ambao fundi akiusikia atakwambia injini imenoki na lazima ishushwe. Mlio wa petroli huja injini ikiwa imebeba mzigo: mlimani, gia kubwa, mguu umekandamiza. Ukipunguza mafuta, unatoweka.

Namba zenyewe zilianza mwaka 1926. Graham Edgar, mkemia wa kampuni ya Ethyl nchini Marekani, alichagua vimiminika viwili viwe mipaka ya kipimo. Kimoja, isooktani, kilivumilia kubanwa kuliko petroli yoyote ya wakati ule, akakipa 100. Cha pili, heptani, kiligonga vibaya, akakipa 0. Petroli ikigonga sawasawa na mchanganyiko wa isooktani 91 na heptani 9, hiyo ni oktani 91. Heptani safi ya vipimo vya mwanzo ilitoka kwenye utomvu wa msonobari wa Jeffrey unaoota California.

Je, wajua kwamba hadi leo oktani hupimwa kwa injini halisi, na si kwa kemikali ndani ya chupa? Ni injini ya silinda moja iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na maabara duniani kote zinatumia injini ya aina hiyohiyo. Maajabu yake ni kwamba silinda nzima inaweza kupandishwa au kushushwa injini ikiwa inafanya kazi. Mpimaji anaitia petroli anayotaka kuijua, anaishusha silinda taratibu ili mgandamizo uongezeke, na mita inamwonyesha ukali wa kugonga. Akifika kwenye ukali uliowekwa, anabadilisha na kutia michanganyiko ya isooktani na heptani mpaka apate inayogonga vilevile. Kipimo cha kwanza hufanyika kwa mizunguko 600 kwa dakika, ndicho kinachoitwa RON. Cha pili, MON, ni kigumu zaidi: mizunguko 900, na mchanganyiko umepashwa hadi nyuzi 149. Petroli ileile kwa kawaida hupata namba ndogo kwenye MON kuliko kwenye RON, kwa pointi 8 hadi 10 hivi.

Ndiyo maana ndugu yako aliyeko Minneapolis akikwambia anatia petroli ya 87, usidhani anatumia mafuta dhaifu. Marekani huandika wastani wa RON na MON kwenye pampu, na sisi, kama Ulaya, tunataja RON. Ile 87 yao ni takriban 91 au 92 kwa hesabu yetu.

Je, wajua gari lako la mtumba kutoka Japani lilitengenezewa petroli gani? Kiwango cha Japani kwa petroli ya kawaida ni RON 89 kwenda juu, na inayouzwa mitaani huwa karibu 90. Vitz, Probox na IST, magari yaliyojaa barabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, yalizaliwa yakinywa hiyo. Hayawezi kufaidika na petroli ya bei ya juu ya 97 au 98 kwa sababu ya oktani peke yake. Mwenye Vitz anayejinyima ili atie petroli ghali kila wiki angefanya vyema zaidi kubadilisha oil na filta kwa wakati.

Ila kuna magari ya Japani ambayo ni kinyume chake. Fungua kifuniko cha nje cha tangi la mafuta uangalie kibandiko kilichobandikwa ndani. Wajapani huita petroli yao ya daraja la juu haioku, nayo lazima iwe RON 96 au zaidi, mara nyingi 100. Subaru zenye turbo, kama Impreza WRX na Forester za aina hiyo, zinaidai. Ukinunua gari la namna hiyo na kibandiko chake ni cha maandishi ya Kijapani, kipige picha umtumie anayejua kusoma. Ni kazi ya dakika tano, na kushusha injini ya turbo ni gharama inayoweza kumfanya mtu auze gari.

Kwa nini turbo? Kwa sababu inasukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, hewa nyingi inabanwa mahali padogo, joto linapanda, na subira ya petroli inajaribiwa kwelikweli. Hapo oktani inalipa.

Oktani huleta faida kupitia mgandamizo. Kadiri injini inavyobana mchanganyiko kabla ya kuuwasha, ndivyo inavyopata kazi zaidi kutoka kwenye tone lilelile la mafuta. Ford Model T ilibana mara 4 hivi, maana petroli ya enzi hizo haikuruhusu zaidi. Magari ya leo yanabana mara 10 hadi 13. Mazda Demio ya mwaka 2011 yenye injini ya Skyactiv ilifika 14 kwa 1, tena kwa petroli ya kawaida ya Japani, kwa sababu wahandisi walitafuta njia nyingine za kupoza mwako, ikiwemo kuchonga kishimo juu ya pistoni. Kwa hiyo oktani kubwa inampa mhandisi ruhusa ya kubana zaidi. Asipoitumia ruhusa hiyo kiwandani, wewe huwezi kuitumia barabarani.

Gari la kisasa lina sikio. Ni sensa ndogo iliyofungwa kwa bolti kwenye bloku, ndani yake kuna kipande cha madini kinachotoa umeme kikitikiswa. Inapotambua mtikisiko wa kugonga, kompyuta ya gari inachelewesha cheche ya plagi. Kugonga kunaisha, na nguvu inapungua kidogo pamoja na mwendo kwa lita. Dereva haoni taa wala hasikii kitu. Ndiyo sababu gari linalotaka 95 likitiwa 91 mara moja haliharibiki. Linakuwa zito tu. Pikipiki nyingi za bodaboda hazina sikio hilo, zenyewe zinaendelea kugonga mpaka mwenyewe asikie.

Je, wajua kwamba injini ileile inahitaji oktani ndogo zaidi Nairobi kuliko Mombasa? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hadi 20. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, inabana kidogo, inagonga kwa shida. Hali ni hiyo Mbeya na Iringa. Huko Marekani, kwenye majimbo ya milima ya Rocky, vituo huuza hata petroli ya 85 kwa hesabu yao. Sasa chukua gari la zamani lenye kabureta, lililotegwa taimingi na fundi wa Nairobi mpaka likawa jepesi, kisha uliteremshe Mtito Andei hadi Changamwe mchana wa jua kali, limejaa abiria na mizigo. Hewa inazidi kuwa nzito kila kilomita. Kugonga kunakoanza huko chini hakutokani na petroli mbaya ya Voi. Ni taimingi ya mlimani iliyokutana na hewa ya pwani. Unyevu wa pwani husaidia kidogo, kwa kuwa mvuke wa maji hupoza mwako, lakini hautoshi kufuta tofauti yote.

Injini inavyozeeka inataka oktani kubwa zaidi. Masizi yanayojijenga juu ya pistoni na vali yanapunguza nafasi na kushika joto, na mahitaji yanaweza kupanda kwa pointi kadhaa.

Na dizeli? Kinyume kabisa. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche, inategemea mafuta yajiwashe yenyewe kwa kubanwa. Kwa hiyo dizeli nzuri ni ile isiyo na subira, na kipimo chake kinaitwa setani.

Sasa nije kwenye jambo linaloua injini nyingi kwetu kuliko tofauti ya 91 na 95: mafuta ya taa ndani ya petroli. Oktani ya mafuta ya taa iko chini mno. Isitoshe, ni mazito, yanahitaji joto kubwa kugeuka mvuke, kwa hiyo sehemu yake inabaki majimaji kwenye silinda, inaosha oil kwenye kuta, inateremka na kuchanganyika na oil chini. Plagi zinatoka nyeusi, zimejaa masizi makavu. Injini inagonga mlimani, inatoa moshi asubuhi, na oil kwenye kijiti cha kupimia inakuwa nyepesi na kunuka. Anayechakachua anapata faida ya siku moja. Mwenye bodaboda anapoteza ringi, pistoni, na siku zote ambazo pikipiki imelala gereji huku marejesho ya mkopo yakimsubiri.

Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Vinasaba hutiwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi kwa matumizi ya ndani, na mkaguzi akipima kituoni akakuta kiwango kimepungua, anajua kuna kilichoongezwa. Mwaka uliofuata serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isogelee petroli na dizeli, tamaa ya kuchanganya ipungue. Kenya ilichukua njia kama hiyo mwaka 2018, ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Hatua hizo zilibana wachakachuaji, nakubali. Lakini mzigo ulimwangukia pia mama anayepikia jiko la mafuta ya taa na mwanafunzi anayesomea kibatari, na hao hawakuchanganya chochote.

Petroli inayouzwa kwenye chupa za plastiki kando ya barabara ina tatizo jingine hata kama haikuchakachuliwa. Sehemu zake nyepesi, zile zinazowasha injini ya baridi asubuhi, huvukizwa na jua. Unabaki na petroli inayowaka, lakini inayosumbua kuwaka mara ya kwanza.

Tuingie kwenye ethanoli, yaani kilevi kinachochujwa kutoka molasi ya miwa, mahindi au mihogo.

Je, wajua kwamba ethanoli ina oktani kubwa kuliko petroli yoyote ya kituoni, RON karibu 108, na papo hapo ina nishati ndogo kuliko petroli yoyote? Lita moja ya ethanoli ina takriban megajuli 21. Lita ya petroli ina kama 32. Ni theluthi mbili. Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana wanadhani namba kubwa na nishati kubwa ni kitu kimoja, na ethanoli ni ushahidi ulio wazi kwamba sivyo. Petroli yenye ethanoli asilimia 10, inayoitwa E10, huongeza ulaji wa mafuta kwa asilimia 3 hivi: gari la kilomita 15 kwa lita litakwenda 14 na nusu.

Ethanoli ina siri ya pili, nayo naiona kubwa kuliko oktani yenyewe: inapoza. Kimiminika chochote kikigeuka mvuke kinanyonya joto kutoka pembeni yake, na kilo moja ya ethanoli inanyonya zaidi ya mara mbili ya kilo moja ya petroli. Ikipulizwa ndani ya silinda, hewa iliyomo inapoa, inasinyaa, nafasi ya hewa zaidi inapatikana, na hatari ya kugonga inarudi nyuma. Mhandisi anayejua kulitumia hilo anapata mengi. Koenigsegg ya Sweden inatengeneza gari linaloitwa Jesko, lenye injini ya V8 ya lita 5 na turbo mbili. Kwa petroli ya kawaida inatoa nguvu ya farasi 1,280. Kwa E85, yaani mafuta yenye ethanoli nyingi, injini hiyohiyo inatoa 1,600. Pampu ya mafuta na nozeli lazima ziwe kubwa, kwa kuwa lita zinazoingia ni nyingi zaidi.

Lita zinazidi kwa sababu ethanoli imebeba oksijeni yake yenyewe, karibu asilimia 35 ya uzito wake. Kilo ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kilo ya ethanoli inatosheka na 9. Gari lenye sensa ya oksijeni kwenye ekzosi linagundua tofauti na kuongeza mafuta lenyewe, mradi mchanganyiko usizidi kile lilichoandaliwa. Kabureta haina akili hiyo. Pikipiki iliyotegwa kwa petroli tupu ikipewa ethanoli nyingi inapata hewa kupita kiasi na mafuta pungufu, injini inachemka, mwendo unakuwa wa kusitasita. Dawa ni jeti kubwa kidogo, na fundi anayejua anachofanya. Nchini Marekani E15 inaruhusiwa kwa magari ya mwaka 2001 na kuendelea, lakini pikipiki, boti na mashine za kukatia majani zimekatazwa kabisa kuitumia.

Mipira ya zamani haipendi ethanoli. Hosi zinavimba, gasketi zinalainika, aloi za zinki kwenye kabureta zinaliwa. Pia ethanoli inasafisha: uchafu uliolala miaka kwenye tangi unang'oka na kuziba filta katika matangi ya mwanzo. Uingereza ilipohamia E10 mwezi Septemba 2021, iliacha petroli ya daraja la juu ibaki na ethanoli isiyozidi asilimia 5 kwa ajili ya magari ya kale.

Kisha maji. Petroli na maji havichanganyiki. Maji yanatua chini ya tangi na unaweza kuyamwaga. Ethanoli inayapenda maji, inayakumbatia na kuyapitisha kwenye injini bila dereva kujua, na kwa kiasi kidogo hilo ni jambo jema. Lakini E10 ina kikomo, kama nusu asilimia ya maji. Yakizidi hapo, sehemu kubwa ya ethanoli inaiacha petroli na kuteremka na maji chini ya tangi, pale pampu inapovutia. Juu inabaki petroli iliyopungukiwa oktani, chini kuna kinywaji ambacho injini haiwezi kukiwasha vizuri. Ndiyo sababu tangi la mashua linalokaa wiki kadhaa juu ya bahari halifai kuwekewa E10.

Tabia hiyohiyo inakupa kipimo cha nyumbani. Chukua chupa ndefu ya kioo yenye alama za mililita. Tia maji mililita 10, kisha petroli mililita 100, funga, tikisa, weka chini itulie. Kama petroli haina ethanoli, tabaka la maji chini litasoma 10 vilevile. Kama inayo, maji yataivuta ethanoli kutoka kwenye petroli, na mstari unaotenganisha matabaka utapanda, 15, 17, kutegemea iliyokuwemo. Fanya nje, kwenye kivuli, mbali na jiko, sigara na watoto.

Brazil ndiyo shule kubwa ya mambo haya. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, nchi hiyo ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya mafuta yake, na ilikuwa na miwa tele. Novemba 1975 ikaanzisha mpango wa Proálcool. Mwaka 1979 Fiat 147 ikatoka kiwandani ikitumia ethanoli tupu. Katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya ethanoli. Halafu bei ya mafuta ikashuka, bei ya sukari ikapanda, viwanda vikageukia sukari, na mwaka 1989 madereva wakapanga foleni kwenye vituo visivyo na ethanoli wakiwa na magari yasiyoweza kutumia kingine. Imani ikavunjika. Ilirudi mwaka 2003, Volkswagen ilipotoa Gol iliyokubali petroli, ethanoli, au vyote kwa kiwango chochote. Kompyuta inasoma gesi za ekzosi na kupanga mafuta na cheche ipasavyo.

Madereva wa Brazil wana hesabu wanayoifanya kituoni kabla hawajafungua tangi: gawanya bei ya ethanoli kwa bei ya petroli. Ikiwa chini ya 0.7, wanatia ethanoli, ikizidi, petroli. Hiyo 0.7 ni theluthi mbili ya nishati, ikiongezewa kidogo kwa sababu ethanoli inaungua kwa ufanisi zaidi. Na hata petroli yao si petroli tupu: tangu Agosti 2025 inachanganywa na ethanoli asilimia 30.

Je, wajua kwamba Kenya ilishawahi kuuza petroli yenye ethanoli? Miaka ya 1980, kiwanda cha Muhoroni kilichuja ethanoli kutoka molasi ya viwanda vya sukari vya magharibi, nayo ikachanganywa na petroli iliyouzwa Nairobi. Mpango ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Malawi, isiyo na bahari na yenye kulipia kila lita safari ndefu ya barabara, ilianza mwaka 1982 kwa ethanoli ya Dwangwa na ikaendelea. Nadhani Malawi iliona mbali zaidi yetu.

Mfano wa oktani kuamua mambo makubwa: mwaka 1940, marubani wa Uingereza walibadilishiwa petroli ya ndege kutoka oktani 87 hadi 100. Injini ya Merlin kwenye Spitfire na Hurricane iliruhusiwa kusukumiwa hewa kwa shinikizo karibu mara mbili ya awali, na nguvu yake ikapanda kutoka farasi 1,030 hivi hadi zaidi ya 1,300, katika miezi ileile ya vita vya anga juu ya kusini mwa Uingereza. Petroli hiyo ilikuwa na madini ya risasi ndani yake, na habari ya risasi siwezi kuipitia haraka.

Desemba 1921, Thomas Midgley wa maabara ya General Motors huko Dayton, Ohio, aligundua kwamba tone dogo la kimiminika cha risasi kinachoitwa tetraethili linazima kugonga kabisa. Yeye na mkuu wake Charles Kettering walijua vizuri kwamba kilevi nacho kinazima kugonga, walikuwa wamekijaribu. Lakini kilevi chochote cha shambani mtu yeyote angeweza kukichuja, na kilihitajika kwa kiasi kikubwa. Risasi ilitosha chembe, na ilikuwa na hataza. Februari 1923 petroli ya risasi ikauzwa kwa mara ya kwanza palepale Dayton. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha New Jersey kilichotengeneza kimiminika hicho, wafanyakazi walirukwa na akili na watano wakafa. Siku chache baadaye Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kimiminika hicho na kunusa mvuke wake kwa dakika nzima ili kuonyesha ni salama. Alikuwa ameshaugua sumu ya risasi kabla ya siku hiyo.

Biashara ikaendelea kwa karibu miaka mia moja. Risasi iliyotoka kwenye ekzosi ilitua kwenye udongo wa viwanja vya shule na kwenye damu ya watoto, ambako inadhuru ubongo unaokua. Clair Patterson, mwanasayansi aliyepima umri wa dunia kuwa miaka bilioni 4.55, aligundua katika kazi hiyo kwamba risasi imetapakaa kila mahali, akatumia miaka mingi kupambana na wenye viwanda. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na mwanzoni mwa 2006 zikawa zimeiacha. Ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Agosti, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza kutoka makao yake makuu, Gigiri, Nairobi, kwamba hakuna tena nchi inayouza petroli ya risasi kwa magari. Kwa hesabu ya shirika hilo, hatua hiyo inaepusha vifo zaidi ya milioni 1.2 vya mapema kila mwaka.

Kwa magari, nimesema. Ndege ndogo zenye injini za pistoni bado zinatumia petroli ya oktani 100 yenye risasi, kwa sababu injini zake nyingi zilibuniwa kwa oktani hiyo na hazivumilii pungufu yake zikiwa na mzigo wa kuruka. Uwanja wa Wilson, Nairobi, unahudumia ndege za aina hiyo kila siku, na makazi ya watu yako ng'ambo ya barabara. Petroli mbadala zisizo na risasi zimeshaidhinishwa Marekani, na nchi hiyo imejiwekea lengo la kuiondoa ya risasi ifikapo mwisho wa 2030.